Krenki za Mtani

Boukaré Ilboudo alikuwa na ujuzi mmoja wa kweli, na ndio aliokuwa akidanganyia watu. Alijua krenki. Mpe baiskeli yoyote ya Ouagadougou, atainama kama mtu anayefunga kamba za viatu, aitazame ile mikono miwili inayoshika pedeli, kisha moyoni ajue ipi ilifuliwa kwa nyundo na ipi ilimiminwa tu kwenye kalibu kama uji bakulini. Tatizo ni kwamba alichokijua moyoni na kilichomtoka mdomoni havikuwahi kusalimiana.

Ijumaa hiyo asubuhi, kwenye maegesho ya baiskeli nyuma ya soko, aliinama na hakuinuka upesi. Mbele yake ilisimama baiskeli ya buluu iliyochakaa, tandiko limezungushiwa mpira, nyuma imebeba gunia la soumbala, kiungo cha mchuzi cha mbegu zilizochachushwa, ambalo harufu yake ilikuwa imewafukuza hata walinzi wa maegesho hatua kadhaa. Lakini krenki zake zilikuwa za mashindano ya zamani. Nyembamba, laini, na pale mkono unapoungana na gurudumu la meno hapakuwa na kona hata moja. Palipinda taratibu kama shingo ya kibuyu. Nyuma yake palikuwa na alama ndogo ya mtengenezaji, na Boukaré alipoisoma aliona pikipiki.

Si kwamba pikipiki ilikuwa pale. Ilikuwa kwa muuzaji, inamsubiri. Jumapili Boukaré alitakiwa kufika ukweni, kwa wazazi wa mchumba wake Pélagie, na kwa ulimi wake mwenyewe alikwishawaambia kwamba siku hizi hanyongi baiskeli tena, ana pikipiki. Pesa za pikipiki hiyo alikuwa nazo Mfaransa mmoja mzee, Bwana Lucien, aliyefikia nyumba ya wageni karibu na kanisa kuu. Alikusanya vipuri vya baiskeli za kale na alikuwa akiondoka kwa ndege jioni hiyo. Krenki kama hizi ndizo alizokuja kuzitafuta, na alikuwa hajazipata.

Mwenye baiskeli akatokea, mama wa makamo, mnene, akijipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Shikamoo, mama. Naitwa Ilboudo. Mimi ni mkaguzi wa krenki."

"Marahaba. Mimi Zerbo. Sijui kama krenki nazo hukaguliwa."

Boukaré akatabasamu kwa meno yote. Zerbo ni Msamo, Ilboudo ni Mmosi, na Wamosi na Wasamo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani unamtukana naye anacheka. Unachukua kilicho chake naye anakaa kimya, maana anayenuna ndiye mwenye aibu. Boukaré aliuheshimu sana utani. Uliwahi kumfungulia milango mingi ambayo asingeweza kuibishia hodi.

"Kumbe ndiyo sababu mbwa wa mtaani kwetu haonekani tangu jana," akasema. "Wasamo mmeingia mjini."

"Tumemla," mama akajibu huku akikaza kamba ya gunia. "Kichwa tumekuwekea wewe, mtumwa wangu. Hicho ulicho nacho naona hakijakusaidia."

Walinzi wa maegesho wakacheka. Boukaré naye akacheka, akatoa kinyundo mfukoni na kuigonga krenki. Ikalia kwa sauti nyembamba, ndefu, kama kengele ya mbali.

"Umesikia, mama? Inalia. Chuma kizima hakilii. Kinacholia kina maumivu."

"Hata magoti yangu yanalia, na bado natembea."

"Magoti hayakatiki. Hii itakukatikia barabarani, na lori lipo nyuma yako." Akatoa mkobani krenki mpya, nene, zinazong'aa, zimetobolewa matundu ya maua. "Sasa tazama hii. Tazama unene. Unauona huu mstari unaopita katikati? Ndio mshipa wake, nguvu inapita humo." Akaigonga. Ikasema *to*, ikanyamaza. "Kimya. Kama chifu barazani."

Ni haki kusema kwamba yote aliyoyataja yalikuwa ya kweli, ila aliyasimamisha kichwa chini. Krenki iliyofuliwa hulia kwa sababu ni nzima, haina vipovu ndani. Chembe za madini yake zimelala kufuata mkono, kama mchi uliochongwa kwa kufuata ukuaji wa mti, nawe wajua mchi uliochongwa kinyume haumalizi hata debe la mtama. Ule mstari aliouita mshipa ni mahali pande mbili za kalibu zilipokutana. Yale matundu ya maua yana kona kali, na ufa hupenda kona kama panya anavyopenda pembe ya ghala. Boukaré aliyajua haya yote vizuri kuliko fundi yeyote mjini, na kwa namna fulani inasikitisha.

"Bei gani?" mama akauliza.

"Bei, kwa mtani? Nakupa bure. Na hizi mbovu nitakwenda kuzitupa mwenyewe, zisije zikamuumiza mtoto wa mtu."

Kwa mara ya kwanza mama Zerbo aliacha kujipepea. Alimtazama usoni muda mrefu.

"Bure," akasema.

"Bure kabisa."

"Basi funga."

Boukaré alifanya kazi haraka. Alilegeza, akachomoa, akafunga zile nene, akakaza. Za zamani akazifuta na kuzikunja ndani ya kitambaa. Alikuwa akitafuta maneno ya kuagia pale mama Zerbo alipopiga kigelegele kilichowatoa wauza bamia kwenye meza zao.

"Jamani, njooni mshuhudie. Mmosi amemtunza Msamo." Wanawake wakajaa, wakapiga makofi. "Haya, mtumwa. Sasa lete na hizo."

"Zipi, mama?"

"Hizo unazozikumbatia kama mtoto mchanga."

"Lakini hizi ni mbovu."

"Ni mbovu za kwetu." Akampokonya, kitambaa na vyote, na kwa kuwa mkono wake bado ulikuwa na nafasi, akachukua na kinyundo.

Boukaré alicheka, maana mtu huwa hana njia nyingine. Akinuna, soko lote litajua Mmosi ameshindwa na utani. Akieleza kwa nini ananuna, litajua zaidi ya hapo. Akacheka tena, kwa taabu kidogo. Kisha akamsogelea na kushusha sauti.

"Mama, nakupa elfu mbili, uniachie."

"Takataka nayo inanunuliwa siku hizi?" akauliza muuza bamia mmoja ambaye hakuna aliyemwomba maoni.

"Elfu tano basi."

Mama Zerbo akazifunga krenki kwenye pindo la kitenge chake.

"Elfu kumi, mama yangu."

"Endelea kusema, mwanangu. Kila ukifungua mdomo, zinapona." Wanawake wakaangua kicheko. Mama akangoja kipoe. "Sasa niambie. Nani anakusubiri?"

Boukaré akatazama jua. Lilikuwa linakaribia utosini. Akapiga hesabu kwamba kidogo ni bora kuliko sifuri, akamwambia.

"Vema. Shika baiskeli, mtumwa. Tutakwenda kwa miguu."

Wakavuka mji hivyo: mama mbele akijipepea, mkaguzi wa krenki nyuma akisukuma gunia la soumbala.

Bwana Lucien alizipokea krenki kwa mikono miwili. Alisoma ile alama, akagonga kwa ukucha, akafumba macho kusikiliza. Kisha akataja bei kwa Kifaransa.

"Amesemaje?" mama akauliza.

Boukaré akataja nusu yake.

"Mwanangu," mama akasema kwa upole, "mimi nauza soumbala kwa mji mzima. Kifaransa sikijui, lakini hesabu yake naijua hadi milioni. Mwambie aongeze."

Hapo lilitokea jambo ambalo Boukaré mwenyewe hakulitegemea. Hakuweza kuvumilia kuona bei ikidorora mbele ya macho yake. Alianza kumsimulia Mfaransa habari za kaka wa mama Zerbo, mwendesha baiskeli aliyefariki, mashindano yake, vumbi lake, dada yake anayebusu krenki hizi kila Pasaka. Kaka huyo hakuwahi kuzaliwa. Bwana Lucien alitoa leso, kisha akatoa theluthi zaidi. Boukaré hakuwahi kufanya kazi nzuri namna ile maishani, na mama Zerbo aliziweka noti zote kifuani.

Nje ya lango, Boukaré alisimama. Kitu kilikuwa kinamkereketa.

"Mama, usiipande hiyo baiskeli. Hizo nilizokufungia zitakatika."

"Kwani unadhani nimetembea mji mzima kwa sababu napenda jua?"

"Kumbe unajua krenki?"

"Sijui hata moja. Wamosi ndio ninaowajua. Mmosi wa kumpa Msamo kipya ili achukue kikuukuu bado hajazaliwa."

Akamwamuru amwonyeshe duka lenye krenki za kweli. Boukaré alichagua kwa makini, akazigonga, zikalia, akasema ni nzima. Alizifunga akiwa amepiga magoti vumbini. Mama akapanda, akanyonga mara mbili kujaribu, akarudi kumtupia donge moja la soumbala.

"Ujira wako," akasema, akaenda zake.

Jumapili, Boukaré aliingia ukweni akinyonga baiskeli. Mama yake Pélagie alikuwa amesimama mlangoni, akitazama nyuma yake barabarani.

"Pikipiki iko wapi?"

Boukaré alikuwa amekuja na majibu matatu, yote mazuri: moja la fundi, moja la mjomba, moja la bandari ya Abidjan. Ghafla akayaona yote ni mazito kubeba.

"Msamo kaichukua," akasema.

Baba mkwe akaanza kucheka kutoka ndani, akacheka mpaka akatoka nje ameshika ubavu. "Msamo gani?"

"Zerbo. Muuza soumbala."

"Aah, hao. Mimi walinichukulia mbuzi wa harusi yangu mwenyewe, nikala maharage." Akafuta macho. "Pélagie, mletee mwenzio kiti."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Boukaré akakaa, akatoa lile donge mfukoni na kumkabidhi mama mkwe kwa mikono miwili. Mama akalinusa, akaona ni zuri.

"Na hili ni la nini?"

"Chenji," akasema Boukaré.