Kompyuta Yangu na Pipa la Ketsia

Jumatatu, 4 Novemba

Mashine imezimika tena. Dakika chache za mchezo, kisha giza. Nilipoigusa, kadi ya picha ilikuwa na joto la kukaangia samaki wa ndagala.

Hakuna kompyuta yenye nguvu kama hii Baraka, labda Fizi nzima. Ilikuwa ya mhandisi wa ramani huko machimboni Lulimba. Aliondoka kwa haraka, kama wanavyoondoka wengi Lulimba, akaniachia. Ina feni tatu. Kwa joto la hapa, feni tatu ni watu watatu wanaopuliza jiko.

Ufunguzi ni Jumapili. Nimeshautangaza redioni mara mbili, mwisho wa taarifa ya habari, bila kumwomba mkurugenzi ruhusa. Ukumbi wa michezo wa Casimir, sebuleni kwangu, mbio za magari ambazo mji huu haujaziona. Nicolas ana ukumbi wake karibu na soko: vimashine viwili vya mchezo wa mpira wa miguu, vitufe vimefutika. Leo alinisimamisha mbele ya waendesha pikipiki wote. Akaniuliza: "Chef, Jumapili batu bakuye na kiti, ao bakuye na ndoo ya kuzima moto?" Walicheka hadi mmoja akaangusha pikipiki yake. Nimefurahi kwamba iliharibika taa.

Uamuzi: kupoza kwa maji. Nimetazama video. Watu wa ng'ambo wanapitisha maji ndani ya mashine kwa mirija angavu. Maji ya buluu yanazunguka, yanabeba joto, yanalitupa nje. Uzuri mtupu! Mirija yangu itakuwa angavu. Hilo halina mjadala.

Habari nyingine. Mama mkwe amefika kwa boti kutoka Ubwari. Kijijini kwao kipindupindu kinaua na zahanati iko mbali. Ketsia, mke wangu, ndiye aliyemwita. Anasema hapa mama atakuwa salama kwa sababu ya pipa letu: lita mia mbili, lina mfuniko, na maji yake yote yametiwa dawa ufukoni. Pipa hilo ni la kunywa tu. Hata mimi sina ruhusa ya kunawia.

Nilimsalimia mama mkwe kutoka mlangoni, macho chini, inavyopasa. Aliitikia akiwa amejifunika kitenge, akiutazama ukuta. Lolote kati yetu litapitia kwa Ketsia. Mpangilio mzuri.

Jumanne, 5 Novemba

Asubuhi, studio. Nimesoma tangazo la kipindupindu. Nawa mikono. Usinywe maji yasiyotiwa dawa. Mgonjwa asisubiri. Sauti ilikuwa nzuri, hasa kwenye "asisubiri".

Kisha Lusenda, kambini kwa Warundi. Kuna fundi anaitwa Kezimana. Anayeyusha alumini ya magari mabovu na kuimimina kuwa masufuria. Nilimpa mchoro: kipande bapa, chenye mfereji ndani, cha kukaa juu ya moyo wa kompyuta. Akaugeuza mchoro juu chini. Akauliza hiki kitapika nini. Nikasema hakipiki, kinapoza. Akasema ametengeneza masufuria tangu avuke mpaka na hajawahi kuombwa sufuria ya kupoza, lakini Wakongomani hawaishiwi. Jioni kipande kilikuwa tayari. Kizito, kinang'aa. Nitalala nacho kando ya mto wa kitanda.

Pampu: ya kurusha maji kwenye kioo, kutoka gari bovu nyuma ya gereji.

Mirija angavu: hakuna. Nimezunguka soko zima. Nimepata mpira wa petroli wa pikipiki, mweusi tii. Maji yatapita humo kama mwizi. Aibu, lakini ya muda.

Linalobaki: joto liende wapi? Wale wa video wana rejeta maalumu. Mimi sina. Nilikaa kwenye ujia nikifikiri, na mbele yangu lilikuwa pipa la Ketsia. Kivulini. Baridi. Lita mia mbili zikisubiri kunywewa, basi.

Jumatano, 6 Novemba

Ketsia alikuwa sokoni na samaki wake. Mama mkwe amelala. Nikatoboa matundu mawili nyuma ya pipa, chini ya ukingo wa mfuniko, na mawili mengine kwenye ukuta wa mbao. Mpira mmoja unanyonya, mmoja unarudisha. Upande wa ujia huoni kitu. Kazi safi.

Mashine imekimbia mchana kutwa. Digrii hamsini na mbili! Nimeendesha gari jekundu kwenye mvua ya nchi nisiyoijua mpaka shingo ikakakamaa.

Ketsia alirudi, akanywa kikombe, akasema maji ya leo yana uvuguvugu. Nikamwambia ni hali ya hewa, nimeisoma redioni. Redio yetu haina taarifa ya hali ya hewa.

Alhamisi, 7 Novemba

Msiba. Joto limepanda tena, maji hayapiti. Nikafungua kipande cha Kezimana. Mfereji umejaa ute mweupe kama uji wa muhogo, na alumini imetobokatoboka kama imeliwa na panya.

Nimesoma mpaka simu ikaisha umeme. Adui amejulikana: klorini. Ile dawa ya maji. Inaua wadudu, kisha inakula alumini. Wataalamu wote wanakubaliana, jambo nadra kwao.

Kwa hiyo pipa zima limejaa sumu. Kwa mashine, namaanisha.

Nimekisugua kipande, nimeziba matundu kwa gundi ya chuma. Kitadumu, mradi maji yawe matupu.

Mama mkwe amemwambia Ketsia, naye kaniambia, kwamba maji ya hapa yana harufu ya hospitali na harufu hiyo inampa usingizi mzuri. Huko Ubwari alikuwa anaamka usiku kusikiliza nani analia.

Ijumaa, 8 Novemba

Nilikwenda ufukoni na bidoni za njano, madumu ya maji, juu ya mkokoteni. Pale wanapochota watu wa mtaa wetu anakaa Marie-Goreth, Mrundi, na bomba la sindano. Kila bidoni inayotoka ziwani lazima ipite kwake. Anavuta dawa, anaichoma kwenye maji, anaita anayefuata. Nikamwomba kwa sauti ya chini aziruke zangu. Akasema hakuna bidoni inayorukwa. Nikasema ni za kazi ya kiufundi. Akasema kipindupindu nacho kinajua ufundi. Nikamkumbusha mimi ni nani. Hapo akainua uso, akasema kwa nguvu, foleni yote isikie: "Papa Casimir, si ni weye unasemaka ku redio kila asubuhi? Batu bote banywe mayi ya dawa! Tunakusikiaka, papa. Unasemaka muzuri sana."

Walipiga makofi. Nililazimika kuinamisha kichwa kama mtu aliyesifiwa.

Nikasogea mbele, kule zinakofikia boti za Ubwari. Hakuna sindano huko. Wanaosha boti, wanaosha samaki, wanaosha watoto. Maji yalionekana safi kabisa. Nilichuja kwa kitambaa, kwa ajili ya pampu.

Nyumbani nililimwaga pipa lote, nikalisugua kwa majani na mchanga, nikalijaza upya. Ketsia alinikuta nafunika. Alisimama na beseni bado kichwani. Katika ndoa yetu yote sijawahi kuosha hata kijiko. Akaingia chumbani kwa mama yake, nikasikia anamsimulia: bwana ameosha pipa kwa ajili yako. Mama mkwe alipiga makofi nyuma ya pazia, taratibu, namna ya kushukuru ya wazee. Kisha akaomba kikombe.

Mashine: digrii arobaini na tisa. Rekodi.

Jumapili, 10 Novemba

Ufunguzi. Naandika kabla wageni wa mwisho hawajatoka.

Watu walijaa hadi dirishani. Ketsia yuko kanisani na kwaya mpaka jioni. Afadhali, angehesabu viatu vya wageni mlangoni. Mbio zilianza, skrini ikawaka, watu wakapiga kelele kama Baraka imepata barabara ya lami. Mashine haikuyumba. Nicolas alikuja na ndoo. Alileta ndoo kweli! Akaiweka mbele ya skrini, akatia mikono mfukoni, watu wakacheka. Kila mbio ilipokwisha nilimtazama yeye, si skrini. Hatimaye akatoa mikono mfukoni. Akasema koo limekauka kwa vumbi. Nikamchotea mwenyewe kutoka kwenye pipa, vikombe viwili vilivyojaa, nikamwambia karibu, ndugu, huku ndiko maji yanakofanya kazi. Hakuelewa. Alikunywa vyote.

Kero moja. Mama mkwe. Mlango wa nyuma unafikiwa kupitia sebuleni, na alianza kupita mbele ya skrini katikati ya mbio, kitenge hadi puani. Mara ya kwanza nilimwachia njia. Mara ya tatu watu walianza kunung'unika. Kwa kuwa hawezi kusema nami ana kwa ana, akamwambia mlango kwamba anakwenda kuangalia kuku. Akarudi. Akaenda tena kuangalia kuku. Alikuwa anajishika ukutani.

Hatuna kuku.

Nitamwambia Ketsia amweleze jambo hili la kupita mbele ya wageni.

Jumatatu, 11 Novemba

Ketsia alirudi jana jioni na kumkuta mama yake ameanguka kati ya choo na mlango. Macho yamezama, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Sauti imekwisha. Alikuwa ameharisha tangu asubuhi, amekaa na hilo tumboni siku nzima. Hapa kwetu mama mkwe hamwambii mkwe wake habari ya choo. Aliona afadhali afe.

Ketsia alikimbilia pipa ili amkorogee sukari na chumvi. Akatia kikombe. Akasimama. Akatia mkono mzima hadi kwenye kiwiko. Maji yalikuwa ya moto kama ya kuogea. Akapapasa nyuma, akashika mpira, akauvuta. Ukaja na mpira wa pili, na ubao wa ukuta, na kipande cha Kezimana, na sehemu ya kompyuta. Kulikuwa na cheche. Kulikuwa na harufu.

Sikusema kitu kuhusu kompyuta. Nataka hilo liandikwe.

Aliniuliza swali moja tu: "Haya mayi uliyachota wapi?" Nikasema upande wa boti. Alinitazama. Nimewahoji wanajeshi, wajane, na mtu aliyechoma soko. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo. Kisha akaita pikipiki. Walimweka mama katikati, kati ya dereva na Ketsia, na Ketsia akamfunga mgongoni mwa dereva kwa kitenge kama mtoto.

Asubuhi, studio. Tangazo la kipindupindu. Wagonjwa wapya, mtaa wetu umetajwa. Nimelisoma bila kujikwaa.

Jumatano, 13 Novemba

Wapulizia dawa wamefika nyumbani. Wamelilaza pipa uani na kuandika kitu juu yake kwa chaki. Wamepulizia hata kompyuta. Niliwaambia klorini ni adui wa alumini. Hawakuwa watu wa kusikiliza.

Ukumbi wa Nicolas umefungwa. Anaumwa. Katika taarifa ya habari nimemtakia nafuu kwa jina, na nikakumbusha wasikilizaji kwamba kwangu ukarabati unaendelea.

Ijumaa, 15 Novemba

Kituo cha kipindupindu, hema la pili. Ukiingia unakanyaga maji ya dawa, ukitoka unakanyaga tena. Vitanda vina tundu katikati na ndoo chini. Cha mwisho kilikuwa na kijana wa Lulimba jana. Leo kimeoshwa na kina mtu mwingine.

Mama mkwe yuko hai. Amekuwa mdogo kama mtoto wa shule. Ketsia ameketi kando yake, hanisemeshi. Akitaka kitu, anamwambia muuguzi Éliezer aniambie. Nimesimama miguuni pa kitanda, macho chini, inavyopasa.

Ndipo mama mkwe alipovunja desturi. Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Macho yake ni ya kahawia, sikujua. Akasema polepole: "Mukwe, ile mayi ulitunywesha ilikuwa ya wapi?"

Nikamjibu kwamba uchunguzi unaendelea.

Alifumba macho. Ketsia aligeukia upande mwingine. Sikuwa na pa kutazama, nikatazama juu.

Chupa ya serumu, maji ya mshipani, imening'inizwa kwenye mti wa hema. Kutoka kwenye chupa unashuka mrija. Angavu! Laini, haukunjiki vibaya, unapitisha maji bila kiputo hata kimoja. Na katikati una kigurudumu kidogo cha plastiki: ukikisukuma juu maji yanakimbia, chini yanatulia. Nilizunguka soko zima la Baraka kutafuta kitu hiki, nacho kilikuwa kikining'inia hapa juu ya wagonjwa wote.

Maji yenyewe hayafai. Nimesoma maandishi kwenye chupa: yana chumvi. Chumvi inakula alumini. Chupa sihitaji.

Nimemfuata Éliezer nje nikamuuliza mirija ikishatumika inakwenda wapi. Akasema inachomwa shimoni. Nikamwomba anitunzie wa mama mkwe, uwe ukumbusho nyumbani. Aliguswa sana. Akaniwekea mkono begani, akasema si wakwe wengi wenye moyo huo, ila sheria ni sheria. Nikainamisha kichwa. Akatazama huku na huku, akasema ataona.

Inahitajika miwili: mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi. Nicolas yuko kitanda cha nne, amelala, chupa yake imebaki nusu. Nimevuta kiti karibu naye. Nasubiri.