Chumba cha Kihesa: Bei ya Ng'ombe na Bei ya Mbao

Jumatatu, 14 Julai 2025
Mwenye nyumba ana habari njema: mwanawe anaoa. Ataishi na mkewe chumbani kwangu. Nitoke kufikia Jumapili. Nimempongeza, kama nilivyofundishwa.

Nimempigia baba, Usangu. Amesema nikikosa chumba cha elfu arobaini, nahamia kwa shangazi Prisca, mtaa wa Mlandege. Shangazi ana watoto sita, sebule moja na redio isiyozimwa. Mtihani wa Kidato cha Nne ni Novemba. Nitafaulu vizuri sana somo la kubembeleza watoto.

Jumanne, 15 Julai
Dalali Sedekia amenionyesha chumba. Kumtazama tu Sedekia akitembea mbele yako ni elfu tano. Mwenye nyumba, Mzee Edmund, akaniuliza jina na kwetu. Nikasema ukweli mtupu: Ng'washi binti Bujiku, wa Usangu. Bei ikapanda palepale, kutoka hamsini hadi sabini. Eti jina ni la Kisukuma, na Msukuma hakosi ng'ombe wa kuuza. Nikaeleza kwamba tumebaki na ng'ombe watatu, na mmoja anaumwa. Akampa pole mgonjwa. Bei haikushuka.

Jumatano, 16 Julai
Mpango! Kesho mimi si Msukuma. Mimi ni Eveline, Mbena wa Mafinga. Huko hakuna ng'ombe wa kunipandishia kodi. Nimemweleza Damari wa darasani kwetu, ambaye naye anatafuta chumba. Amesema ni dhambi. Damari huona dhambi hata kwenye kuazima rula. Nimefanya mazoezi ya "kamwene", salamu ya Kibena, mpaka jirani akaitikia.

Alhamisi, 17 Julai
Kihesa, kwa Mama Sosthenes. Chumba kina dirisha kubwa, jua la asubuhi, na kimya! Nilishaona meza yangu imekaa pale, na vitabu juu yake. Nikasema kamwene. Akafurahi. Nikasema natoka Mafinga. Akafurahi kupita kiasi. Kumbe watu wa Mafinga wote wana mbao. Elfu themanini! Au arobaini, baba akileta mbao ishirini za dari.

Nikasema ataleta. Baba hajawahi kumiliki ubao zaidi ya ule wa kukatia nyama.

Ijumaa, 18 Julai
Damari amepata chumba. Kilekile! Alikwenda akasema anaitwa Damari, baba yake ni saidia fundi, na wana elfu arobaini basi. Mama Sosthenes akampa ufunguo. Nimemuuliza ametumia mbinu gani. Hakuna, akasema. Mtu asiye na mbinu ni hatari sana.

Nikamwambia nafungasha kwenda kwa shangazi. Akanitazama, akasema: "Kitanda kinatutosha wawili. Tuchangie kodi. Ila kesho unamwambia mama mwenye nyumba ukweli."

Elfu ishirini! Na dirisha! Nikaahidi, na machozi yakanilenga. Sikuyaigiza.

Jumamosi, 19 Julai
Ukweli nilikuwa nao. Niliuandika kwenye karatasi, kwa hati nzuri. Damari akanitambulisha: Ng'washi, wa Usangu. Mama Sosthenes akauliza kama si mimi yule Eveline. Karatasi ilikuwa mkononi. Mdomo ukatangulia. Nikasema Eveline ni pacha wangu, amelelewa na mjomba, Mafinga.

Mama akauliza tena:

"Mwanangu, pacha wa Kisukuma si huwa Kulwa na Doto?"

Damari akaanza kuchunguza viatu vyake.

"Ndiyo, mama. Mimi ndiye Doto."

Akacheka mpaka akatafuta kigoda. Chumba nimepewa. Akasema Kulwa wa Mafinga nimsalimie sana, na zile mbao anazisubiri.

Jumapili, 20 Julai
Nimehamia. Jua la asubuhi linafika mpaka kwenye daftari hili. Damari ameniachia upande wa dirisha lakini hasemi nami. Alisema neno moja tu: kesho nikatubu kwa mama, la sivyo anakwenda mwenyewe.

Ni msichana mwema, ana haki. Nimetafakari sana ibada nzima. Kutubu ni jambo zuri, lakini lina wakati wake. Nikivaa koti la Damari na kujifunga kilemba, Kulwa anaweza kufika hapa kesho, yeye mwenyewe, kueleza kwa nini mbao zimechelewa.