Nimeyakana Mahindi Yangu Mbele ya Kamera

Wamama wa kikundi, leo nimejivua nguo katikati ya Eldoret. (Nguo nilikuwa nazo zote, hata sweta. Ni heshima ndiyo imebaki barabarani.) Naandika mwenyewe kabla hamjaletewa video.

Mnaijua barabara yetu waliyotengeneza upya. Mabasi yamepewa mahali pa kusimama, sisi wa miguu tumewekewa matofali ya kabro, na watu wa baiskeli wamepewa njia yao, laini kama sahani, imechorwa baiskeli nyeupe kila hatua chache. Za kuchorwa ni nyingi. Za kupandwa sikuwa nimeona hata moja. Kwenye mkutano wao wa maoni nilisimama nikawauliza wanamjengea nani, maana hapa mtu akipata pesa ya baiskeli anangoja kidogo anunue pikipiki. Wakacheka, wakaandika, wakaenda wakachora.

Sasa, nina gunia nne za mahindi kutoka shamba la Cheptiret. Si ya kuuza. Ndiyo ugali wa wajukuu wangu watano mpaka mavuno mengine. Mvua imekataa kwenda kwao, uani kwangu ni matope, na mahindi yameanza kunuka. Yakishika kuvu, hata kuku humpi. Leo asubuhi jua likatoka. Nikaangalia ile njia. Nyeusi, kavu, ina moto, haina mtu. Nikatandika turubai nikamwaga yote. (Nikajisifu kwa sauti. Peke yangu.)

Kufika saa tano mahindi yanalia kama kokoto. Mimi niko kando kwa stuli yangu, nimenyoosha miguu kama mwenye barabara. Ndipo akatokea mzee wa maziwa na baiskeli yake ya mitungi. Kumbe yuko mmoja! Akafika kwa turubai, hana pa kupita, akashuka akasukuma baiskeli kule kwa malori. Lori la kutoka Turbo likampigia honi mpaka mitungi ikatetemeka. Nami bado sikuinuka.

Lakini injinia wa hiyo barabara aliona yote. Alikuwa anashuka kwa gari na wageni aliokuwa anawaonyesha kazi yake, pamoja na msichana wa kamera. Akaja moja kwa moja.

"Mama, haya mahindi ni ya nani?"

Nikasema sijui, mimi nimepumzisha miguu tu. Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu leo. Lakini kamera ikanigeukia, na mnanijua mimi na kamera. Msichana akaniuliza nawaonaje watu wanaoanika mahindi kwa njia ya baiskeli.

"Ni washamba," nikasema. "Unajengewa barabara nzuri unaigeuza ghala. Mtu kama huyo afungwe, na turubai lake lichomwe."

Watu wakapiga makofi. (Niliinamisha kichwa kushukuru. Iko kwa video.)

Injinia akafurahi sana. Akawaambia watu basi, kama hayana mwenyewe, wachukue, njia ifunguke.

Hamjawahi kuona Eldoret ikitii serikali haraka hivyo. Mama wa mboga akaja na karai. Makanga wa basi akafungua mfuko. Mlinzi wa duka akavua kofia. Na Mama Akinyi, jirani yangu, aliyenisaidia kubeba hizo gunia asubuhi, akaniangalia, akaangalia mahindi, akafungua leso kiunoni. Nikamtolea macho aache. Akainama karibu na sikio langu.

"Si umesema si yako?"

Nikabaki nimeketi. Karai ya kwanza ikajaa, nikaona Januari imeenda. Ya pili, Februari. Kila karai ni sufuria ya wajukuu wangu inapita mbele yangu, na mimi nalinda sifa ya dakika tano. Walipofika Machi nikaruka. Na haya magoti. Nikalala juu ya mahindi, mikono nimetandaza kama kuku amefunika vifaranga, nikapiga kelele kuwa ni yangu, waache.

Dereva wa basi alizima injini asikie vizuri. Msichana wa kamera akapiga magoti, kwa adabu iliyoniuma kuliko tusi.

"Shosho, kwa hivyo yule mshamba ni wewe?"

Nikatema punje. "Ni mimi. Lakini mambo ya kufungwa na kuchomwa, hayo tuongee."

Injinia alinipa dakika kumi niyaondoe. Wenye makarai wakarudisha wakicheka mpaka wanajishika mbavu. Na aliyenishikia mdomo wa gunia nikijaza ni yule mzee wa maziwa niliyemtupa kwa malori. Hakunisema hata neno moja. Afadhali angenisema.

Nimefika nyumbani na gunia tatu na nusu. Kwa hivyo chekeni, nimewapa ruhusa. Isipokuwa Mama Akinyi. Naona umesoma na umenyamaza. Wewe kwanza lete hiyo leso, ikiwa imejaa, halafu ukae hapa kwangu ucheke.