Tadei Bura Apima Moyo kwa Mizani

Hanang nzima hakukuwa na mtu aliyejua Kiingereza kama Tadei Bura. Ukibisha, kamuulize mwenyewe!

Tadei alikuwa karani wa mizani katika moja ya yale mashamba makubwa ya ngano ya serikali. Kazi yake ilikuwa kupima magunia na kuandika namba. Basi, hakuna zaidi! Lakini kwa kuwa siku moja alimwambia fundi wa kizungu "gudi moningi" na mzungu akaitikia, akarudi kwao Gendabi kifua mbele, kalamu tatu mfukoni, mbili hazina wino. Hata salamu akaanza kuitikia kizungu. Mtoto wa watu akimwambia shikamoo, yeye anajibu "yesi!" Jamani!

Mwaka huo ikaja barua. Wafadhili fulani wa ng'ambo walikuwa na fedha za kutafiti ugonjwa wa moyo na kusaidia afya vijijini. Kijiji kitakachoshinda kingeletewa daktari kila mwezi, dawa za moyo bure, na pikipiki ya mratibu wa mradi. Kijiji kimoja tu! Gehandu wanautaka huo msaada, Balangdalalu wanautaka. Kilichotakiwa ni kujaza fomu, tena kwa Kiingereza.

Aliyeuhitaji kuliko wote ni Bibi Efrazia, mama mzazi wa huyu huyu Tadei. Miguu ilikuwa imemvimba, pumzi zinamkatika. Kutoka kwake hadi zahanati alipumzika mara nne, na hapo si mbali, jogoo akiwika huku anasikika kule. Nesi Tekla wa zahanati alishasema waziwazi kwamba bila dawa, bibi hafiki mavuno mengine.

Tadei naye alimwaza mama yake, tusimsingizie. Alimwaza akiwa amempakia nyuma ya ile pikipiki, na kijiji kizima kinatazama.

"Kaka Tadei," Nesi Tekla akamwambia, "hiyo fomu ina mambo ya hospitali. Nikusaidie?"

"Dada, hiki ni Kiingereza cha wafadhili! Wewe kachemshe sindano zako."

Akajifungia ndani na fomu yake. Mistari ya juu ilikwenda vizuri: jina la kijiji, majina ya watu, umri wao. Halafu akakutana na neno moja limekaa peke yake kwa herufi kubwa: PULSE.

Tadei akakuna kichwa. Amuulize Tekla? Afadhali afe! Akachomoa kijitabu alichopewa shambani, kile chenye majina ya mazao kwa Kiingereza na Kiswahili, akapekua mpaka kwenye P. Hilo hapo! "Pulse: maharage, dengu, choroko, mbaazi na jamii yote ya kunde."

"Ahaa!" akapiga paja. "Wazungu bwana! Wanataka kujua wagonjwa wanakula nini!"

Chini yake fomu iliuliza "resting pulse". Hayo ni maharage yaliyopumzika, yaani yamelala na maganda yake, hayajaguswa. Na "pulse after exercise"? Hapo msomi wetu alitabasamu peke yake. Maharage yana zoezi gani zaidi ya kupigwa fimbo? Basi hayo ni maharage baada ya kupurwa!

Kesho yake akapita nyumba kwa nyumba na mizani ya kuning'iniza.

"Ugonjwa wa moyo na maharage yangu wapi na wapi?" akauliza Mzee Hhando.

"Utafiti huo, mzee. Ni mambo mazito."

Akapima kabla ya fimbo, akapima baada ya fimbo. Kwenye fomu aliandika namba tupu, maana visanduku vyenyewe vilikuwa vidogo, neno "kilo" halikuingia.

Akafika kwa Gidabuday, mfugaji, ng'ombe wamejaa boma mpaka mlangoni. Maharage? Gidabuday akacheka. "Sisi tunakunywa maziwa, bwana." Tadei akaandika: hakuna.

Mwisho akaingia kwa mama yake.

"Shikamoo, mama. Maharage yako yapo wapi?"

"Marahaba. Maharage gani, mwanangu? Ningelima kwa pumzi ipi?"

Mtu mwenye akili angekaa hapo kidogo, akamshika mama yake mkono. Huyu alitoa kalamu. Efrazia Bura, miaka sitini na minane, pulse: hakuna. Akaaga, akaenda zake.

Wiki tatu baadaye Landrova mbili ziliingia Gendabi mbio, vumbi juu. Akashuka mama mmoja wa kizungu, mjumbe wa wafadhili, na nyuma yake Daktari Isidori, bingwa wa moyo kutoka mjini, jasho linamtoka. Kijiji chote kikakusanyika zahanati.

Tadei akajitokeza na tai yake. "Welkamu! Gendabi izi ze hati ofu Hanang!"

"Ndugu, ni wewe uliyejaza hii fomu?" daktari akauliza kwa Kiswahili.

"Kwa mkono wangu!"

"Huyu Hhando. Pulse mia nne na kumi?"

"Mwaka huu kajitahidi sana."

"Kajitahidi? Huyu ni mtu au kombaini ya kuvunia ngano? Na mbona wote hawa, baada ya zoezi, pulse zinashuka?"

"Lazima zishuke, daktari. Si zimepigwa fimbo?"

Daktari akamtazama mama wa kizungu. Mama wa kizungu akavua miwani.

"Na watu tisa hawana pulse kabisa!"

"Kabisa! Hata punje! Gidabuday yule pale, hajawahi kuwa nayo tangu azaliwe."

"Sijawahi kuwa na nini?" akafoka Gidabuday, fimbo mkononi.

"Na Efrazia Bura?"

"Mama yangu huyo. Mwaka juzi alikuwa na sitini, sasa zimeisha."

"Pole sana, ndugu. Mmemzika lini?"

"Kumzika? Si yule anakuja!"

Kweli, Bibi Efrazia alikuwa anakuja. Hatua tatu, anasimama. Hatua tatu, anasimama. Daktari akamkimbilia, akamshika kifundo cha mkono, macho kwenye saa.

"Hii ndiyo pulse, ndugu," akasema. "Mapigo ya moyo! Wewe ulipima nini?"

Aliyejibu ni Mzee Hhando. "Maharage, daktari. Na yangu alimwaga nusu."

Lo! Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Daktari hakucheka. Akafunga faili. "Balangdalalu wamejaza vizuri. Twendeni."

Kicheko kikakatika pale pale. Bibi Efrazia akakaa chini, mkono bado ameunyoosha. Tadei akataka kusema neno. Kiingereza kilikuwa kimekwisha, na Kiswahili nacho kikagoma. Aliona aibu, na kwa mara ya kwanza akaona hofu, maana miguu ya mama yake ilikuwa mbele yake imevimba na hakuwahi kuitazama vizuri.

Nesi Tekla akapenya katikati ya watu na daftari la shule.

"Shikamoo, daktari. Mapigo yao nayapima kila kliniki, huu mwaka wa pili. Hakuna aliyeniuliza."

Daktari akasoma ukurasa mmoja, akasoma wa pili, akampa mama wa kizungu. Wakanong'ona. Faili likafunguliwa tena.

"Fomu ijazwe upya, sasa hivi," akasema daktari. "Mratibu ni nesi, na pikipiki ni ya nesi. Tunaanza na bibi huyu, dawa anameza leo."

Tekla akaandika mpaka jua likasogea. Tadei alisimama pembeni, tai imemkaba, anasubiri atakayehitaji kutafsiriwa. Hakutokea.

"Bado nani?" Tekla akauliza mwishoni.

Bibi Efrazia, pumzi zimemrudia kidogo, akanyoosha kidole kwa mwanawe.

"Mwandike na huyu. Ila moyo wake mwachieni. Mpimeni kichwa."