Akili Mpya za Deki Yangu

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Diski imefika! Imetoka Kanada kwa shemeji yangu Bujiku, kaka yake mke wangu Violeth. Ana miaka minane hajatia mguu Shinyanga. Ndani ya bahasha kuna barua, picha ya theluji peke yake (sijui ya nini), na diski inayong'aa. Barua inasema ndani ya diski yumo yeye, mkewe, na binti yao wa miaka mitatu, Paskalina, aliyepewa jina la bibi yake. Bibi huyo ndiye mama mkwe wangu.

Hajawahi kumwona mjukuu. Jumatatu ijayo anapasuliwa mtoto wa jicho hospitalini Mwanza. Jicho la kushoto limeshafunga, na la kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye moshi. Daktari hakuahidi kitu. Kutoka kwao Geita angeweza kuvuka kivuko cha Busisi na kufika Mwanza moja kwa moja. Lakini anakuja Shinyanga kwanza, kwa kuwa mimi nilimtumia salamu mwezi uliopita, Bujiku alipoahidi kutuma diski: aje, mwenye mashine ya kumwonyesha mjukuu ni mimi, Selestine, mkwilima wake.

Kweli mashine ninayo. Deki ya diski, ya kwanza mtaani kwetu. Jirani yangu Onesmo bado ana deki ya kanda, anaifunika kitambaa cha kufuma kama mkate.

Nimeweka diski. Deki imeguna. Ikaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna diski ndani.

Hakuna diski! Nimeiweka kwa mkono wangu!

Nimeitoa, nimeipangusa kwa shati, nimeirudisha. Hakuna diski. Nimeigeuza. Hakuna diski. Violeth ameuliza kama kuna tatizo. Nimemjibu kwamba mashine inazoea hali ya hewa ya Kanada.

Jumanne, 3 Agosti

Nimetoroka kazini saa nne kwenda kwa Sanket, mtoto wa mzee Dilip, mwenye duka la redio na televisheni karibu na soko. Yeye ndiye aliyeniuzia. Amenieleza taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Deki ina akili zake zilizoandikwa ndani kiwandani. Akili za deki yangu ziliandikwa kabla diski za kurekodi nyumbani hazijaenea, ndiyo maana haizitambui. Dawa yake ni kuiwekea akili mpya. Kiwanda kimetoa diski maalumu, wakala wa Dar es Salaam anayo, inaweza kufika kesho kwa basi. Unaitumbukiza, deki inaisoma, inafuta akili za zamani, inaandika mpya. Robo saa tu.

Nimefurahi mno. Ni binadamu wangapi ninaowajua wangefaa kutengenezewa diski kama hiyo!

Sanket ameonya mambo mawili. Kwanza, namba ya deki nyuma lazima ilingane na namba ya diski. Pili, umeme usikatike katikati, maana deki itabaki haina akili za zamani wala mpya. Nimemwambia yote mawili nimeshayaangalia. Sikuwa nimeangalia hata moja, lakini niliona anataka kutulizwa.

Kisha akaleta wazo la ajabu. Eti ndugu yake Mwanza ana mtambo wa kuhamisha picha za diski kwenda kwenye kanda. Tukiituma leo, Ijumaa tuna kanda, na tunaangalia kwa Onesmo.

Kwa Onesmo! Mama mkwe wangu, mgeni wangu, apelekwe akakae kwenye makochi ya Onesmo, Onesmo aondoe kile kitambaa taratibu huku watu wote wakitazama! Nimekataa kwa heshima.

Jumatano, 4 Agosti

Diski ya akili imefika. Nimeipokea stendi mwenyewe jioni hii.

Sasa umeme. Nimekaa mbele ya taa tangu asubuhi na daftari (kazini nimesema naumwa tumbo). Umekatika saa tatu na nusu. Umerudi saa nne kasoro. Umekatika saa sita, ukarudi, ukakatika kabla sijamaliza kuandika kwamba umerudi. Nilitafuta mpangilio. Mpangilio haupo.

Violeth amesema kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, tunapofanya kazi mimi na Onesmo, kuna jenereta kubwa. Najua ipo. Najua pia anayeiendesha ni nani. Ni Onesmo. Mimi ni karani wa mizani, na siwezi kumwendea fundi wa jenereta nikiwa nimekumbatia deki kama mtoto mgonjwa.

Lakini nimepata wazo. Mwadui! Mji wa mgodi wa almasi, wana mitambo yao ya umeme. Binamu yangu Nkwabi ni mpishi kule, anakaa kwenye nyumba za mgodi. Husema taa ya jikoni kwake haijawahi hata kupepesa. Kesho natoka alfajiri. Wenye mawazo makubwa hawasubiri jenereta ya mtu.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimefika Mwadui saa tatu asubuhi, deki ndani ya khanga mbili za Violeth. Nkwabi alinisubiri getini akiwa na aproni.

Mlinzi aliuliza ndani ya khanga kuna nini. Nikamwambia. Akaniita mzee kwa heshima kubwa, akaeleza utaratibu. Kuingia nayo hakuna shida. Ila wakati wa kutoka, kitu chochote chenye tundu hufunguliwa na kukaguliwa ndani, maana almasi ni ndogo na watu ni wajanja. Deki ina matundu mangapi? Tukahesabu pamoja. Tukafika arobaini na moja upande mmoja.

Nikamwuliza wanafungulia nini. Akanionyesha bisibisi. Ilikuwa ya kufungulia trekta.

Tumekula ugali na mchicha nje ya geti, mimi na Nkwabi, deki katikati yetu. Amenishauri niende jineri. Watu wote wana wazo hilo hilo moja. Nimerudi na basi la mchana, deki mapajani. Abiria wa pembeni alinipa pole. Alidhani ni msiba.

Ijumaa, 6 Agosti

Mama mkwe amewasili saa saba, amechoka, kitambaa jichoni. Kwa mila zetu mimi na yeye hatukai chumba kimoja wala hatutazamani usoni, kwa hiyo Violeth amefunga pazia kati ya sebule na baraza. Nimempa shikamoo nikiwa nyuma ya pazia, nimeinama. Akaitikia marahaba.

Hata maji hakunywa kwanza. Nilimsikia akimwuliza Violeth, akinitaja kwa jina la mwanetu: "Baba Adam alisema mtoto yumo kwenye sahani. Nimekuja. Yuko wapi?"

Sikuweza kuvumilia. Taa ilikuwa inawaka, thabiti kabisa, karibu saa nzima bila kukatika. Nikasema sasa au basi. Nikaomba mama apelekwe chumbani kupumzika. Nikaingiza diski ya akili.

Ikakubali! Kioo cha televisheni kikawa cha bluu. Namba zikaanza kupanda. Asilimia tano. Kumi na mbili. Thelathini. Nilikuwa nimepiga magoti bila kujijua. Sitini. Sabini na nne. Nikamwita Violeth aje aone mume wake ni mtu wa aina gani.

Alipofika mlangoni, sabini na tisa, umeme ukakatika.

Umerudi baada ya dakika kumi. Deki haionyeshi saa, haionyeshi neno, ina vistari vinne tu usoni, kama mtu aliyefumba macho. Haifungui mdomo. Diski ya akili imo ndani.

Mama mkwe ameuliza kutoka chumbani kama mtoto ametoka. Violeth amenitazama. Nimesema deki inapumzika. Violeth angenifokea, ningejua la kufanya. Ameketi kwenye kizingiti na ile barua ya kaka yake, anaisoma tena, ingawa anaijua kwa moyo. Nimejisikia mdogo kama punje ya mtama.

Jumamosi, 7 Agosti

Asubuhi nimekuta deki haipo mezani. Violeth naye hayupo.

Nikatoka mbio. Kwa Sanket nikaambiwa ameondoka na mke wangu. Jineri, getini, nikaambiwa wako chumba cha jenereta. Nikaingia. Deki iko juu ya meza ya Onesmo, juu ya kitambaa cha kufuma! Onesmo amekileta kutoka nyumbani ili deki yangu isikae kwenye grisi. Televisheni yake ipo pia, ameibeba kwa baiskeli. Sanket ameinama na sindano ya kushonea ya Violeth, anaichokonoa deki kwenye kitundu kidogo mbele. Sikujua kitundu hicho kipo.

Onesmo amenipa mkono. Akasema karibu, kana kwamba nimealikwa. Nimetafuta kejeli usoni mwake, sikuipata. Anaificha vizuri.

Mdomo wa deki ukafunguka. Sanket akatoa diski, akasoma namba yake. Akageuza deki, akasoma namba ya nyuma. Akasoma tena. Akaniuliza polepole, "Bwana Selestine, uliangalia hii?"

Deki yangu ni namba 300B. Diski ni ya 300.

Nilimwambia herufi moja haiwezi kuwa na neno. Alizipangusa namba zote mbili kwa kidole. Hatimaye akasema diski nyingine hatuna, hizi mashine ni kama ndugu wa tumbo moja, na isitoshe iliyokwisha kufa haifi mara mbili. Akasema akili za kusomea diski hii hazifutiki, akairudisha ndani. Onesmo akasimama mbele ya jenereta, miguu imepanuka, kama anayelinda goli la penalti. Akasema mtu asiguse swichi yoyote jinerini mpaka aseme yeye. Hata meneja akasubiri nje na chai yake.

Kumi. Arobaini. Sabini na tisa. Hapo Violeth alinishika mkono. Themanini. Tisini na saba.

Mia!

Deki ikazima, ikawaka, ikaandika salamu ndefu. Kwa Kichina. Kila kitu, kuanzia saa mpaka sauti, ni Kichina kitupu. Sanket alicheka hadi akakaa chini. Tukaweka diski ya Bujiku. Deki ikaguna, ikatafakari, na Bujiku akatokea, mnene, amevaa koti kubwa, anakuna pua akisubiri kuanza.

Nilitaka tuendelee. Onesmo ndiye aliyebonyeza kuzima. Akasema hawezi kumwona mtoto kabla ya bibi mwenyewe kumwona.

Lazima nikiri, hilo sikulifikiria.

Jumapili, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Watu wa uwanja wa maonyesho wameenda kutazama ng'ombe wa maziwa. Mtaa wetu umekuja kwangu. Onesmo na mkewe wamekuja mapema, na Sanket pia, na boksi la juisi. Mama mkwe amewekwa kwenye kiti hatua moja kutoka kwenye kioo. Mimi nje barazani, nyuma ya pazia, natazama kupitia ufa wa dirisha.

Bujiku alianza kwa Kisukuma, akimwamkia mama yake. "Mwangaluka mayu." Sauti yake ikajaa nyumba. Mama mkwe akaitikia kwa sauti kubwa, kana kwamba yuko mlangoni, akamwuliza mbona amenenepa hivyo. Watu wakacheka. Kisha akaingia mtoto. Mafungu mawili ya nywele juu kama masikio ya sungura, kidevu cha Violeth kabisa. Baba yake akamnong'oneza, naye akasema, kwa lafudhi ya ajabu, "Mwangaluka mayu. Mimi ni Paskalina."

Mama mkwe aliinuka kwenye kiti. Akasogea hadi pua yake ikakaribia kioo. Aliweka kiganja pale uso wa mtoto ulipokuwa, akakaa hivyo.

Akasema, "Namwona. Ana paji la uso la baba yenu."

Akaomba arudie. Hakuna aliyejua kitufe cha kurudia kwa Kichina, kwa hiyo Onesmo alipiga magoti kando ya deki akawa anaanzisha upya kila mara, mara saba, bila kulalamika. Na umeme? Haukukatika hata kidogo. Sijui ulipata wapi aibu.

Mwisho, mama mkwe aligeuka kuelekea pazia. Mila inasema azungumze nami kupitia mtu. Hakupitia mtu. Akasema, "Mwanangu Selestine, asante. Hata kesho wakilifunga jicho hili, yeye nimeshamwona."

Ilibidi niende uani kukagua waya wa nguo. Nilikagua muda mrefu.

Jumatatu, 9 Agosti

Wameondoka na basi la kwanza, mama mkwe na Violeth. Kwenye dirisha la basi mama mkwe alikuwa akimweleza abiria mwenzake habari za nywele za mjukuu.

Kabla ya kupanda, Violeth ameniomba ahadi. Nisiiguse deki. Kichina kibaki. Nimeahidi, na nitatimiza, kwa sababu mimi nikiahidi nimeahidi.

Jioni simu imepigwa jineri. Upasuaji umekwenda vizuri, kitambaa kitatolewa Alhamisi, na daktari sasa ana matumaini. Nimemkumbatia meneja wa jineri. Hakupenda.

Nikarudi kwa kupitia kanisani kushukuru. Nimemkuta mwalimu wa kwaya, Mama Eufrasia, amekaa mbele ya kinanda cha umeme, huzuni tupu. Kinanda kinacheza sauti ya tarumbeta tu, hata ukibonyeza filimbi, na Jumamosi kuna harusi tatu. Amesema amemwita fundi wa Tabora, atafika Ijumaa.

Fundi wa Tabora! Nimemweleza kwa upole kwamba kinanda si kibovu hata kidogo, kinahitaji akili mpya tu. Ameniuliza kama nina uzoefu. Nimemwambia wiki hii nimefanya kazi kama hiyo, mashine ikatoka na lugha ya ziada.

Ameniachia funguo za kanisa. Skrubu ni thelathini na mbili, nimeshatoa ishirini na tisa, na ndani ni rahisi kuliko nilivyotegemea. Kuna waya mmoja mwekundu ambao sioni kazi yake.