Tepe za Darasa la Kwanza

Jumatatu, 6 Mei
Leo nimeamka na akili! Watoto hawafundishiki wote kwa namna moja. Nililisikia hilo kwenye semina, kabla sijasinzia. Nimewagawa kwa tepe. Nyekundu, wanaojifunza kwa macho. Bluu, kwa masikio. Kijani, kwa mikono. Hao wanafinyanga udongo. Dakika tano, kazi kwisha. Mwalimu wa chumba cha pili, mpinzani wangu, akachungulia na kuuliza kama kuna harusi. Kijicho tu.

Jumanne, 7 Mei
Nimeitwa kwa mwalimu mkuu. Yule binti wa dirishani, Kimya namwita, hajui hata herufi moja. Asiposoma jina lake Ijumaa, anarudishwa chekechea. Bibi yake alikuwepo. Akaniambia, "Mwalimu, mjukuu wangu si mjinga." Moyo uliniuma. Nikamtuliza: mtoto asiyesema ni msikivu, ndiyo maana nimempa utepe wa bluu. Nikamsomea herufi mpaka sauti ikanikauka. Yeye macho kwenye udongo.

Jumatano, 8 Mei
Balaa! Wanabadilishana tepe. Kila mtu anautaka udongo. Utepe mmoja wa kijani umepatikana kwa kifutio na ahadi ya urafiki. Nimepiga marufuku. Mpinzani akanishauri niwape udongo wote, yaishe. Asiyejua maana haambiwi maana.

Ijumaa, 10 Mei
Mwalimu mkuu kaja, bibi kaja. Kimya simwoni kwenye bluu! Yuko kwa wa kijani, na utepe wa mwenzake, udongo hadi viwikoni. Nikataka kumrudisha. Nimechelewa: alikwishalifinyanga jina lake, herufi kwa herufi. Akalipitishia kidole, akalisoma lote. Kisha akageuka: "Bibi, na lako tulifinyange?" Bibi akalia. Na mimi nikalia, sikuona haya. Kimya anabaki kwangu!

Jumamosi, 11 Mei
Nimetafakari sana. Tepe zimeshinda! Jumatatu naongeza rangi nne. Udongo wote nimempa mpinzani, maana unazichafua tepe. Kaomba wanafunzi wangu wawe wanakwenda kwake kila alasiri kufinyanga, Kimya wa kwanza. Nimemkubalia. Namhurumia, maskini, chumba kizima hana hata utepe mmoja.