Mlio wa Simu za Lodwar Ufundishwe Kiswidi

Chumba cha Kompyuta cha Vijana,
Kakuma.
Aprili 2013

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Simu za Waya, Lodwar,

Natumai u mzima na joto halijakuzidi. Mimi ni Ewoi Emuria, katibu wa chumba kilichotajwa hapo juu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kanisa moja la Uswidi lilitupatia laptopu. Ni ya zamani, huingia mtandaoni kwa modemu kupitia waya wa simu, lakini ina adabu: haipigi simu kabla ya kusikia mlio wa laini. Nikiiunganisha na waya wenu, inaniandikia kwamba hakuna mlio. Mimi nausikia. Jirani yangu Lotiir, mwenye sikio moja tu zima, anausikia.

2. Nyagoa, binti wa kambi ya wakimbizi, alipata nafasi ya kusomea uuguzi Eldoret. Chuo kilitaka jibu kwa barua pepe kabla ya Ijumaa. Nikamwambia akae, mtambo wa Ulaya haushindwi. Alikaa mpaka maduka yakafungwa.

3. Nimeambiwa simu za Uswidi huvuma moja kwa moja, ilhali zenu hukatika kama kikohozi. Kwa hiyo niliipigia laptopu mluzi mrefu kwenye mkonga wa simu. Ikakubali, ikapiga, ikamwangukia mama muuza samaki wa Kalokol. Modemu ilimpigia makelele hadi akamwita mchungaji aiombee simu.

4. Hivyo naomba mlio wa Lodwar na Kakuma yote ubadilishwe uwe wa Kiswidi. Kubadilisha kaunti nzima ni rahisi kuliko kumuudhi mfadhili. Wananchi watazoea. Tumeshazoea unga wa njano, mahema na semina, na hakuna aliyetuuliza. Mlio utatushindaje?

Nasubiri jibu lako huku mkonga ukiwa sikioni. Wasalimie wote ofisini, pamoja na askari wa lango aliyenifukuza mwezi jana. Ejok, yaani salama.

Wako mtiifu,
Ewoi Emuria

N.B. Kabla sijabandika stempu, Nyagoa amekuja kuniaga. Kumbe alijibu chuo kwa simu yake ya mkononi siku ile ile, akiwa amekaa papa hapa kando yangu. Wamempokea, kibali cha kusafiri amepata, na kesho anapanda basi. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, “Mzee, nilikuona umefurahi na hiyo waya.”

Basi mlio uacheni ulivyo. Ila waya msiuondoe, mke wangu ameshaanika nyama juu yake.